Habari moja, nakala tatu, sahihisho moja

Mwaka 2019, nikiwa sijafikisha hata mwaka mmoja kwenye kazi hii ya uandishi, mzee mmoja alikuja ofisini kwetu Dar es Salaam na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakupiga kelele wala hakuuliza mkubwa ni nani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akaikunjua ile karatasi juu ya meza yangu.

Ilikuwa habari yetu ya mwaka 2006. Mtunza stoo wa kampuni fulani kafikishwa mahakamani kwa wizi. Jina lipo, umri upo, mtaa upo. Yule mtunza stoo alikuwa ndiye huyu aliyekaa mbele yangu.

"Mwanangu," akasema, "kesi hii mimi nilishinda. Na gazeti lenu hilihili liliandika kwamba nimeshinda. Sasa hii imetoka wapi tena?"

Alikuwa amependekezwa kuwa mweka hazina wa saccos ya mtaani kwao. Mtu mmoja akaingia kwenye mtandao, akaandika jina lake, akaichapa habari ile na kuigawa kwenye mkutano.

Imetoka wapi tena? Jibu nilikuwa nalo, na lilinikaba koo. Ilitoka kwangu. Mimi na fundi wetu ndio tulioifufua wiki tatu tu kabla ya siku hiyo.

Leo basi naomba tuongee habari ya kompyuta kidogo. Najua wengine mnaokuja hapa mnafuata siasa na mambo ya mtaani, ila vumilieni, maana tutarudi kwa yule mzee. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma historia ya jambo dogo sana: watu wanaotengeneza kurasa za wavuti walijifunzaje kuandika kitu mara moja na kukitumia kila mahali? Na kwa nini wengi wetu hatukujifunza?

Tuanze na maana. Kuna kurasa za wavuti za aina mbili. Aina ya kwanza ni kama maandazi ya kabatini. Yamekaangwa asubuhi, na kila anayekuja anapewa yaleyale. Aina ya pili ni kama chipsi mayai: hakuna kinachopikwa mpaka uagize. Ukiomba ukurasa, seva inaingia jikoni, inachota habari kwenye kanzidata, inapachika tarehe, kichwa, picha na jina la mwandishi, inakuletea. Anayeagiza baada yako anapikiwa upya. Tovuti karibu zote za magazeti ni chipsi mayai.

Sasa huko jikoni kuna kazi zinazojirudia. Kila ukurasa unahitaji tarehe, kila ukurasa unahitaji kufungua kanzidata, kila ukurasa unahitaji kichwa cha gazeti juu na anwani chini. Una njia mbili. Ya kwanza ni kunakili mistari ileile ya programu kwenye kila faili, ile tunayoita kukopi na kupesti. Ya pili ni kuandika fankisheni. Fankisheni ni kalibu ya matofali. Unaweka udongo, unafyatua, linatoka tofali la umbo lilelile. Ukiona matofali yanatoka yamepinda hushughuliki na tofali moja moja, unainyoosha kalibu. Na kwa kurasa za seva kuna uzuri zaidi: tofali linafyatuliwa upya kila mtu anapoliomba. Ukiinyoosha kalibu leo, hata habari ya 2006 inatoka imenyooka leo.

Wazo hili ni la zamani kuliko wavuti. Miaka ya 1940, pale Chuo Kikuu cha Harvard, Grace Hopper na wenzake walikuwa wakiendesha mashine kubwa ya Mark I. Kila mmoja alikuwa na daftari. Ukiandika hatua za kukokotoa kitu fulani zikakubali, unazihifadhi daftarini. Mwenzako akizihitaji anakuja, anaazima, ananakili kwa mkono. Miaka mingi baadaye, mwaka 1978, Hopper alisimulia tabu waliyoipata. Waandishi wa programu, alisema, hawajui kunakili. Tarakimu 4 iligeuka A, na B ikageuka 13. Hatua zilikuwa sahihi kwenye daftari la kwanza, zikafika zimekosewa kwenye programu ya pili. Mwaka 1952 Hopper alikuwa na mfumo wake alioupa jina A-0, ambao uliiachia mashine yenyewe kazi ya kuzikusanya hatua hizo na kuziunganisha.

Huko Cambridge, Uingereza, kompyuta iitwayo EDSAC ilifanya kazi kwa mara ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Kiongozi wake, Maurice Wilkes, alikumbuka baadaye kwamba mwaka huohuo, akiwa kwenye ngazi za jengo lao, ilimjia ghafla kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itaishia kwenye kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Dawa yao ilikuwa maktaba. Walitengeneza vipande vya programu vilivyokwisha jaribiwa, kila kimoja kwenye utepe wa karatasi wenye matundu, vikahifadhiwa kabatini. Ukikihitaji, mashine inakunakilia utepe. Hakuna mkono wa mtu wa kugeuza 4 kuwa A.

Ila kulikuwa na fumbo. Kipande kimoja kikitumiwa na sehemu nyingi za programu, kikimaliza kazi yake kitajuaje kirudi wapi? Kijana mmoja mwanafunzi, David Wheeler, akapata mbinu. Kabla ya kuruka kwenda kwenye kipande, programu inaacha alama ya mahali ilipotokea, na kipande kinatumia alama hiyo kurudi. Ni kama unavyomtuma mtoto dukani: humwambii tu cha kununua, unamwambia pia "nikukute kwa bibi". Kesho utamtuma dukani kulekule na kumwambia akurudie sokoni. Duka halibadiliki, kinachobadilika ni pa kurudi. Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walitoa kitabu kizima kuhusu utaratibu huu. Kwa hiyo ndugu zangu, mwaka 1951, muongo mzima kabla ya uhuru wa Tanganyika, jambo hili lilikuwa limeshaandikwa kwenye kitabu. Sisi tulikuja kulikosea mwaka 2004.

Wavuti ilipoanza, watu walianza upya kama vile Cambridge haijawahi kuwepo. Tim Berners-Lee aliwasha seva ya kwanza pale CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mwishoni mwa 1990. Kurasa za mwanzo zilikuwa maandazi. Mwaka 1993 watu wa NCSA, kituo cha Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, waliweka utaratibu ulioitwa CGI: seva ikipokea ombi, inaiamsha programu nyingine, na chochote programu hiyo inachokitoa ndicho kinachokwenda kwa msomaji. Chipsi mayai zikazaliwa.

Wengi waliandika programu hizo kwa Perl, lugha iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1987. Na hapohapo tabu ya Hopper ikarudi. Mtu akijaza fomu kwenye ukurasa, maneno hayafiki yalivyo. Nafasi zinageuka alama ya kujumlisha, na alama nyingine zinageuka asilimia na tarakimu. Kila programu ililazimika kuyafumbua upya, na kila mtu aliandika ufumbuzi wake, mwingine nusu sahihi. Ndipo Steven Brenner akatoa faili moja, cgi-lib.pl, lenye fankisheni za kazi hiyo, na Lincoln Stein akatoa CGI.pm, ambayo mwaka 1997 iliingizwa ndani ya Perl yenyewe. Unaita fankisheni, unapewa maneno yaliyofumbuliwa. Basi.

Lakini wasiojua kuandika programu walikuwa wengi kuliko wanaojua, na wao walitaka kitu cha kuchukua na kubandika. Mmarekani Matt Wright, akiwa bado kijana wa sekondari, alianza mwaka 1995 kugawa bure skripti zake. Maarufu kuliko zote ilikuwa FormMail, inayochukua kilichoandikwa kwenye fomu na kukituma kwa barua pepe. Ilinakiliwa dunia nzima. Baadaye ikagundulika kwamba watu wa barua taka wanaweza kuitumia seva ya mtu mwingine kurusha barua zao kupitia skripti hiyo. Wright akatoa matoleo yaliyorekebishwa. Sasa jiulize, marekebisho yalimfikia nani? Yalimfikia aliyerudi kuchukua nakala mpya. Wengine wote waliendelea na nakala ya zamani, hawajui kama kuna lililotokea.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Zamani nilidhani fankisheni ni za watu wanaokwepa kuchosha vidole. Sivyo. Vidole ni jambo dogo. Swali ni hili: siku kosa litakapoonekana, sahihisho lina mahali pamoja pa kutua, au lina mahali mia?

Tuje kwenye PHP, maana ndiyo iliyobeba tovuti nyingi za kwetu, pamoja na ile ya gazeti letu. Aliyeianzisha ni Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland aliyesoma Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Mwaka 1994 alijiandikia vijiprogramu vya kuhesabu watu wanaotazama wasifu wake wa kazi mtandaoni. Tarehe 8 Juni 1995 akavitoa hadharani kwa jina la zana za ukurasa wa nyumbani. Unaona jina lenyewe? Ukurasa wa nyumbani! Halikuwa jina la mtu anayewaza magazeti na benki. Toleo la Aprili 1996 ndilo lililompa mtumiaji uwezo wa kuandika fankisheni zake mwenyewe. Mwaka 1997 vijana wawili wa Israeli, Andi Gutmans na Zeev Suraski, waliiandika upya pamoja naye, na PHP 3 ikatoka Juni 1998. Washindani walikuwepo: ColdFusion ya ndugu Allaire tangu 1995, na ASP ya Microsoft tangu mwishoni mwa 1996. Lakini PHP ilikuwa ya bure na nyepesi kuanza nayo.

Kwa kuwa ilianzia ukurasa wa nyumbani, ilibaki na vituko vya nyumbani. Mwaka 2013 Lerdorf alieleza kwamba mwanzoni programu yake iliyapanga majina ya fankisheni kwa idadi ya herufi. Majina yakawa yanachaguliwa ili yatofautiane urefu, kusudi yasirundikane kapu moja. Ndiyo sababu mojawapo ya kuwa na majina kama htmlspecialchars, herufi 16, kwa kazi ambayo ingetosha kuitwa "safisha".

Nguvu ya PHP ilikuwa neno moja, include. Unaandika faili moja la kichwa cha gazeti, na kila ukurasa unaliita. Ukibadilisha nembo, unabadilisha faili moja. Ukiweka fankisheni zako kwenye faili jingine na kuliita vilevile, umekwisha pata maktaba ya Cambridge, bila kabati wala utepe. Udhaifu wa PHP ulikuwa hapohapo: haikumlazimisha mtu. Ungeweza kuandika kila kitu kwenye ukurasa mmoja, ukakopi ukurasa huo mara mia mbili, na ungekubali. Na kitu kikikubali, nani anakigusa?

Kwa anayeandika Kiswahili, haja ya fankisheni ni kubwa kuliko anavyodhani. Chukua tarehe. Fankisheni ya tarehe iliyomo ndani ya PHP inataja siku kwa Kiingereza. Ukitaka Kiswahili unachukua namba ya siku na kuipa jina mwenyewe. Namba hizo zinaanzia Jumapili, ambayo ni sifuri. Lakini hesabu ya majina yetu inaanzia Jumamosi! Jumapili kwetu ni ya pili. Kwenye mafaili ya gazeti letu tulikuta aliyepanga kuanzia Jumapili na aliyepanga kuanzia Jumamosi, kwa hiyo ukurasa wa michezo ulikuwa nyuma siku moja kuliko ukurasa wa siasa. Saa ndiyo usiseme. Saa 20:00 ya kompyuta ni saa 2 usiku ya kwetu, na mtu akisahau kutoa sita anakuambia mkutano ni saa nane.

Kisha kuna ng'ombe. Msicheke. Neno ng'ombe lina alama ya ritifaa, na alama hiyohiyo ndiyo inayoiambia kanzidata kwamba maneno yameishia hapo. Ukimpelekea habari ya ng'ombe bila kuitengeneza, anasoma "ng", anadhani umemaliza, na "ombe" anaichukua kama amri asiyoielewa. Mdukuzi anafanya hivyohivyo kwa makusudi, ila yeye baada ya ritifaa anaweka amri inayoeleweka. Udhaifu huu ulielezwa hadharani mwaka 1998 na Jeff Forristal, na mpaka leo unaangusha tovuti. PHP ilijaribu kusaidia kwa kuweka mkwaju mbele ya kila ritifaa yenyewe, bila kuulizwa. Ikawa ukurasa mmoja unauondoa mkwaju, mwingine hauondoi, mwingine unaongeza wa pili. Msaada huo uliondolewa kwenye PHP 5.4 mwaka 2012, lakini kwenye kumbukumbu zetu tulimkuta ng'ombe mmoja ana mikwaju mitatu shingoni. Fankisheni moja ya kuingiza na fankisheni moja ya kutoa, hayo yote yasingetokea.

Nisije nikaonekana nahubiri kwamba ukiwa na mahali pamoja umeokoka. Mahali pamoja pakioza, panaozesha kote. Zamani include ya PHP ilikuwa tayari kuita hata faili lililo kwenye seva ya mtu mwingine. Tovuti nyingi zilichukua jina la faili kutoka kwenye anwani aliyoandika msomaji, wadukuzi wakaandika anwani ya faili lao, na seva ikaliita kwa heshima zote. Mwishoni mwa 2006 PHP 5.2 ilileta swichi ya kuuzima mlango huo, ikiwa imezimwa tangu mwanzo.

Kuna na kisa cha TimThumb. Ilikuwa skripti moja ya PHP ya kupunguza picha, na watengenezaji wa sura za WordPress waliipenda mno. Kila mmoja aliitia nakala ndani ya kazi yake. Agosti 2011 Mark Maunder, baada ya tovuti yake kuvamiwa, aligundua chanzo. Skripti ilikuwa na orodha ya tovuti zinazoaminika kuchukuliwa picha, lakini iliangalia tu kama jina linaloaminika limo mahali fulani ndani ya anwani. Mvamizi akaanzisha anwani yake yenye jina hilo mwanzoni na jina lake mwishoni, akaingia. Maunder akaiandika upya, na kazi yake ikawa toleo la pili la TimThumb. Kosa moja, sahihisho moja zuri, na nakala zisizohesabika zilizolala ndani ya mafaili ambayo wenye tovuti hawakujua kama wanazo. Ilikuwa FormMail iliyorudi na jina jingine.

Mwaka 2012 ilipatikana zana iitwayo Composer, ya Nils Adermann na Jordi Boggiano, inayoleta maktaba za PHP kutoka mahali pake na kuzisasisha kwa amri moja. Hiyo ndiyo dawa ya nakala zilizosahaulika. Lakini dawa nayo ina machungu yake, na waliokuja kuyaonja kwanza ni ndugu wa upande wa JavaScript. Machi 2016, baada ya ugomvi wa jina la kifurushi kingine, Azer Koçulu aliviondoa vifurushi vyake vyote kwenye ghala la npm. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu ya kuongeza nafasi kushoto mwa neno. Programu nyingi duniani zilikitegemea bila kujua, zikagoma kujengeka mpaka kiliporudishwa saa chache baadaye. Mistari 11!

Haya, turudi nyumbani.

Tovuti ya gazeti letu ilijengwa 2004 na kijana ambaye sikuwahi kumwona. Simlaumu, alikuwa peke yake na alilipwa kidogo. Kila ukurasa wake ulifungua kanzidata kwa kuziita moja kwa moja zile fankisheni za PHP zinazoanza na mysql. Juni 2013 PHP 5.5 ilianza kuonya kwamba zinaondoka. Desemba 2015 PHP 7.0 ikaziondoa kabisa. Sisi tulibaki na PHP 5 mpaka msaada wa toleo lake la mwisho, 5.6, ulipoisha mwishoni mwa 2018, na waliotukodisha seva wakatuhamisha. Asubuhi moja mwanzoni mwa 2019, kumbukumbu zote za gazeti zikawa ukurasa mweupe na mstari mmoja unaosema fankisheni mysql_connect haijulikani.

Mhariri akasema ile ni historia ya gazeti, irudishwe. Nilikuwa nimesoma programu kidogo chuoni, kwa hiyo nikapangiwa kukaa na fundi. Tukafungua folda. Mafaili 214.

"Dogo," fundi akaniambia, "huyu angeandika fankisheni yake moja tu, fungua_kanzidata, sasa hivi tungebadilisha mstari mmoja tukaenda kunywa chai. Sasa vua koti."

Kubadilisha majina tu kusingetosha, maana fankisheni mpya za mysqli zinataka kwanza uzipe muunganisho ndipo uzipe swali, kinyume na zile za zamani. Tukapita faili kwa faili, usiku tatu. Tovuti ikafufuka. Mhariri akatununulia soda.

Hatukusoma kilichomo. Hapo ndipo penye kosa, na ni langu kuliko la fundi, kwa sababu mwandishi wa habari ni mimi. Kila habari ilikuwa na kurasa tatu: wa kawaida, wa kuchapa, na mdogo wa simu za zamani. Kila ukurasa ulikuwa na nakala yake ya mistari ya kuleta habari. Mwaka 2007, yule mzee aliposhinda kesi, gazeti lilifanya uungwana. Liliandika sahihisho, likaliweka kwenye jedwali lake ndani ya kanzidata, na mtu akaongeza mistari kwenye ukurasa wa kawaida ili sahihisho litokee juu ya habari. Kwenye ukurasa wa kuchapa hakuongeza. Kwenye wa simu hakuongeza. Miaka 12 sahihisho lilikaa kwenye kanzidata, hatua moja kutoka kwa msomaji, likionekana kwa aliyeingia mlango mmoja tu kati ya mitatu.

Kisha tovuti ikafa. Nikihesabu, ile miezi ambayo kumbukumbu zetu zilikuwa ukurasa mweupe ndiyo miezi pekee ambayo mzee yule hakuwa mwizi kwenye mlango wowote. Sisi tukaja na vifaa vyetu, tukaurudisha kila mlango vilevile ulivyokuwa.

Siku ileile, mzee akiwa amekaa na chai, fundi aliandika fankisheni moja. Akaiita leta_habari. Unaipa namba ya habari, inakwenda kwenye kanzidata, inachukua habari pamoja na masahihisho yake, inaviunganisha, ndipo inakupa. Hakuna namna ya kuiomba habari peke yake. Tukafuta zile nakala tatu, na kila ukurasa ukabaki na mstari mmoja unaoiita. Tulipoipitisha kwenye orodha ya masahihisho tulikuta watu wengine, si yeye tu, ambao gazeti liliwahi kuwaomba radhi na radhi hiyo ikaishia mlango mmoja.

Nikamwita mzee asogee kwenye kioo. Nikamfungulia ukurasa wa kawaida, wa kuchapa, wa simu. Sahihisho lilikuwa juu ya habari kwenye yote mitatu. Akasoma taratibu, mstari kwa mstari. Kisha akainua ile karatasi yake.

"Na hizi?"

Kwa hizo hatukuwa na fankisheni. Karatasi ikishatoka kwenye mashine haiulizi seva kitu. Mhariri akaandika barua yenye mhuri wa gazeti, ikieleza hukumu na tarehe yake, na kukiri kwamba kosa ni letu. Mzee akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akatushukuru. Nilipomsindikiza mlangoni nikamuuliza uchaguzi wa saccos ni lini, nikidhani barua itawahi.

"Ulikuwa Jumamosi iliyopita," akasema.